UZI: Kusimika seva ya PostgreSQL kwenye Linux, kuanzia apt install hadi kurejesha bakapu (na kwa nini usiweke trust)

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mara nyingi mtu anauliza namna ya kusimika hifadhidata kwenye Linux, anapewa amri mbili, anazipiga, zinakubali. Kesho yake anarudi na makosa: peer authentication failed, connection refused, permission denied. Hapo anatokea mdau anamwambia "weka trust, itakubali tu", yaani seva imkubali kila anayegonga bila nenosiri. Na kweli inakubali. Uzi huu nauandika kwa sababu ya ushauri huo, maana niliufuata na ulinigharimu.

Nianze na kisa chenyewe. Nilikuwa na seva inayotunza kumbukumbu za vifaa vya kazini. Mwenzangu alitaka kuunganisha akiwa mbali, ikamkatalia, na tulikuwa na haraka. Nikafungua `pg_hba.conf`, faili inayoamua nani anaingia na kwa njia gani, nikaweka mstari huu:

```
host  all  all  0.0.0.0/0  trust
```

Kwenye `postgresql.conf` nikaweka `listen_addresses = '*'`, yaani isikilize kwenye anwani zote za mashine. Nikajiambia jioni nitarudisha. Jioni ikapita, wiki ikapita. Siku ya tisa SSH inachukua nusu dakika kufunguka. Napiga `top`, prosesa zote nne zimejaa, na juu kabisa kuna mchakato wenye jina la herufi zisizo na maana, mmiliki wake ni `postgres`, mtumiaji wa Linux anayeendesha PostgreSQL. Nauua, baada ya dakika moja umerudi. Ndipo nikapiga `sudo crontab -l -u postgres` (orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba) nikakuta mstari ambao sikuuandika mimi, unapakua skripti kutoka intaneti kila dakika.

Wengi hudhani aliyeingia kwenye hifadhidata anaishia kwenye majedwali. Si hivyo. Mtumiaji mkuu wa PostgreSQL anaweza kupiga `COPY ... FROM PROGRAM`, na hiyo inaendesha amri yoyote ya Linux kwa jina la `postgres`. Kwa hiyo niliposema "trust" kwa dunia nzima, sikugawa data peke yake, niligawa kompyuta. Niliokoa majedwali, nikafuta mashine yote, nikaanza upya. Yanayofuata hapa ndiyo niliyoyafanya mara ya pili, taratibu, nikielewa kila hatua.

Natumia Debian na Ubuntu. Wa Fedora na ndugu zake nitawagusa palipo na tofauti.

Kabla ya kusakinisha

Piga `locale` kwanza. Watu huiruka hatua hii, na kuirekebisha baadaye ni kazi kubwa. Kifurushi cha Debian kinapounda hifadhi (cluster, yaani kundi la hifadhidata chini ya seva moja) ya kwanza hufuata lugha ya mfumo. Mfumo ukiwa kwenye `C` au `POSIX`, hifadhidata zako zitazaliwa na usimbaji wa `SQL_ASCII`, yaani seva haitakagua kama maandishi yanayoingia ni sahihi, itapokea chochote. Unataka kuona kitu kinachoishia na `UTF-8`.

Angalia pia toleo utakalopata:

```
apt policy postgresql
```

Ubuntu 22.04 inakupa 14, Debian 12 inakupa 15, Ubuntu 24.04 inakupa 16. Yote ni mazuri. Kila toleo kubwa huhudumiwa miaka 5 na watengenezaji, kwa hiyo huna haja ya kukimbilia jipya kabisa. Ukilihitaji, mradi wenyewe una ghala lake la vifurushi, na kuliunganisha ni mistari miwili:

```
sudo apt install postgresql-common
sudo /usr/share/postgresql-common/pgdg/apt.postgresql.org.sh
```

Kusakinisha

```
sudo apt update
sudo apt install postgresql
pg_lsclusters
```

Hiyo amri ya tatu ni ya Debian na Ubuntu, nami naithamini kuliko nyingine zote. Inakupa mstari mmoja kama huu:

```
Ver Cluster Port Status Owner    Data directory              Log file
16  main    5432 online postgres /var/lib/postgresql/16/main /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log
```

Toleo, poti, hali, mahali data ilipo, mahali logi ilipo. Unakili mstari huo mahali. Faili za mipangilio zenyewe ziko `/etc/postgresql/16/main/`.

Usishtuke ukipiga `systemctl status postgresql` ukaona `active (exited)`. Huduma hiyo ni mwavuli tu. Inayofanya kazi hasa ni `postgresql@16-main`, hiyo ndiyo uulize hali yake.

Kwenye familia ya Red Hat kifurushi hakiundi hifadhi chenyewe. Baada ya `sudo dnf install postgresql-server` unapiga `sudo postgresql-setup --initdb`, kisha `sudo systemctl enable --now postgresql`. Ukiruka ya katikati, huduma itakataa kuwaka.

Mlango wa kwanza: peer

Hapa ndipo wengi hukwama. PostgreSQL haikupi nenosiri la kuanzia, na hujalisahau, kwa sababu halipo. Kwa wanaoingia kupitia soketi ya mashine ileile (njia ya ndani isiyopita mtandaoni), seva inauliza kernel, yaani kiini cha Linux: huyu anayegonga ni nani kwenye Linux? Jina la Linux likilingana na jina la mtumiaji wa hifadhidata, anapita. Hiyo ndiyo `peer`. Ndiyo maana unaingia hivi, kwa `psql`, chombo cha kuandikia amri za hifadhidata:

```
sudo -u postgres psql
```

Ikikuonya kuwa imeshindwa kuingia kwenye folda yako ya nyumbani, iache, haina madhara.

Ukishaingia, usifanye kazi za kila siku ukiwa `postgres`. Tengeneza mtumiaji wa kawaida na hifadhidata yake. Nitatumia mfano wa maktaba:

```
CREATE ROLE mkutubi LOGIN;
\password mkutubi
CREATE DATABASE maktaba OWNER mkutubi;
```

Natumia `\password` badala ya kuliandika nenosiri ndani ya `CREATE ROLE` kwa sababu `\password` hulificha kabla halijatumwa. Ukiliandika wazi linaweza kubaki kwenye historia ya psql na kwenye logi za seva.

Kwa anayeanza: ukibonyeza Enter na hakuna kinachotokea, tazama alama ya mwisho. Ikiwa imegeuka kutoka `=#` kuwa `-#`, umesahau nukta-mkato na psql bado inasubiri umalize sentensi.

Sasa toka, jaribu `psql -U mkutubi maktaba`. Utakataliwa:

```
FATAL:  Peer authentication failed for user "mkutubi"
```

Hapa ndipo mtu hukimbilia `trust`. Tulia usome ujumbe. Seva inasema: umejiita mkutubi, lakini Linux inaniambia wewe ni mtu mwingine. Imefanya kazi yake sawasawa. Huhitaji kubadilisha faili yoyote, pitia mlango wa pili:

```
psql -h localhost -U mkutubi maktaba
```

Ukiongeza `-h localhost` unapita kwenye TCP (njia ya mtandao) badala ya soketi, na kule kanuni iliyopo tayari ni `scram-sha-256`, yaani nenosiri. Utaulizwa, utaandika, utaingia. Nilipoijua tofauti hii ya soketi na TCP, nusu ya matatizo yangu yaliisha.

Kuunganisha kutoka mashine nyingine

Kabla ya kufungua chochote, jiulize kama unahitaji. Ikiwa ni wewe mwenyewe unayetaka kuchungulia ukiwa mbali, SSH inatosha:

```
ssh -L 5433:localhost:5432 mimi@seva
```

Kwenye kompyuta yako unaunganisha `localhost` poti 5433, na hakuna poti mpya iliyofunguliwa upande wa seva. Mwenzangu wa kile kisa alihitaji hiki tu.

Ikiwa kuna programu kwenye mashine nyingine inayolazimika kuunganisha, mambo ni matatu. Kwanza `postgresql.conf`, weka anwani ya ndani ya seva, si nyota:

```
listen_addresses = 'localhost, 192.168.1.10'
```

Pili `pg_hba.conf`, mstari mmoja wenye hifadhidata moja, mtumiaji mmoja, mashine moja:

```
host  maktaba  mkutubi  192.168.1.20/32  scram-sha-256
```

Tatu, ukuta-moto:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.20 to any port 5432 proto tcp
```

`pg_hba.conf` inasomwa kutoka juu kwenda chini na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Ukishindwa hapo, seva haiendelei kujaribu wa chini yake. Ndiyo maana mtu anaongeza mstari sahihi mwishoni mwa faili na hauna athari: kuna mwingine juu umeshamkamata. Ukibadilisha faili hii, `sudo systemctl reload postgresql` inatosha. Lakini `listen_addresses` inadai `restart`. Na kabla ya reload, kagua kama umeandika vizuri:

```
SELECT line_number, error FROM pg_hba_file_rules WHERE error IS NOT NULL;
```

Ikikataa kuunganisha, ujumbe wa kosa unakuonyesha umefika wapi njiani, ukijua kuusoma. *Connection timed out*: pakiti zinamezwa, karibu kila mara ni ukuta-moto. *Connection refused*: umeifikia mashine lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo, rudi kwenye `listen_addresses` na uhakikishe kwa `ss -ltn`. *no pg_hba.conf entry*: umefika kwa PostgreSQL yenyewe na imekuona, ila haina kanuni yako. *password authentication failed*: kanuni imepatikana, nenosiri au jina ndilo baya. Hii ya mwisho ina siri: mteja anapewa ujumbe uleule hata kama mtumiaji hayupo kabisa. Ukweli uko kwenye logi ya seva, utaona `Role "mkutibi" does not exist` na hapo ndipo unagundua umekosea herufi moja. Kwa hiyo fungua terminali ya pili, weka `sudo tail -f` kwenye faili ya logi, ndipo ujaribu.

Kuhusu bakapu nitarudi, kuna la kusema.

#2 · Mdau mgeni

Asante sana mkuu, nimefuata hatua kwa hatua na nimeingia kwa mkutubi. Ila nikijaribu kutengeneza jedwali nakataliwa: `permission denied for schema public`. Mafunzo niliyokuwa nayafuata hayataji kabisa kosa hili. Niko Ubuntu 24.04.

#3 · Mleta uzi

Pole. Hilo limewakuta wengi, na mafunzo yako yameandikwa kabla ya toleo la 15. Zamani kila mtumiaji aliruhusiwa kuunda majedwali kwenye skima (ni kama folda ya majedwali) ya `public` ya hifadhidata yoyote anayoweza kuingia. Kuanzia 15 (mwaka 2022) ruhusa hiyo imeondolewa, na sasa skima hiyo ni ya mmiliki wa hifadhidata.

Ungetumia `OWNER mkutubi` kama nilivyoandika, lisingetokea. Nahisi uliunda hifadhidata kwanza, mtumiaji baadaye, halafu ukapiga `GRANT ALL PRIVILEGES ON DATABASE`. Amri hiyo jina lake ni kubwa kuliko kazi yake: inatoa haki ya kuunganisha, kuunda skima mpya na kuunda majedwali ya muda. Haigusi skima ya public wala majedwali yaliyomo. Ingia kama postgres, upige:

```
ALTER DATABASE maktaba OWNER TO mkutubi;
```

#4 · Mdau wa #2

Ndivyo nilivyofanya kabisa. Imekubali, shukrani.

#5 · Mdau wa MariaDB

Uzi mzuri. Niongezee kwa wa upande wetu wa MariaDB, hifadhidata nyingine. Wazo la peer lipo pia MariaDB: tangu 10.4, `root` wa hifadhidata anaingia kwa `unix_socket`, kwa hiyo ni `sudo mariadb` bila nenosiri, na hilo ni salama kwa sababu lazima uwe root wa Linux kwanza. Usilivunje kwa kumpa root nenosiri jepesi ili phpMyAdmin (chombo cha kusimamia hifadhidata kwenye kivinjari) ikubali. Tengeneza mtumiaji mwingine.

Poti ni 3306, na kwenye Debian mipangilio iko `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf`, hapo utakuta `bind-address = 127.0.0.1`. Tofauti kubwa na Postgres ni kwamba huku hakuna `pg_hba.conf`. Mahali mtu anapotoka ni sehemu ya jina lake: `'mkutubi'@'localhost'` na `'mkutubi'@'192.168.1.20'` ni watu wawili, kila mmoja na nenosiri lake na haki zake. Mtu anabadilisha nenosiri la mmoja halafu anashangaa mwingine anakataliwa.

Na mkitengeneza hifadhidata tumieni `utf8mb4`. Ile inayoitwa `utf8` kwa kawaida ilikuwa ya baiti 3 tu kwa herufi, na emoji zinahitaji 4.

#6 · Mdau wa kontena

Mimi naona mnajipa kazi. Docker inaendesha programu ndani ya kontena, yaani boksi lililojitenga: mstari mmoja, Postgres iko hewani. Na ufw yangu inazuia kila kitu isipokuwa 22 na 443, sina wasiwasi.

#7 · Mleta uzi

Mkuu, kontena ni njia nzuri na siipingi. Ila naomba ukague jambo moja leo hii, kwa nia njema kabisa. Kama uliandika `-p 5432:5432`, poti hiyo iko wazi kwenye anwani zote za mashine, na Docker huweka kanuni zake za iptables (ukuta-moto wa Linux ambao ufw yenyewe huutumia) zinazopita pembeni ya zile za ufw. `ufw status` itakuambia imefungwa huku ikiwa wazi. Jaribu kuunganisha kutoka mashine ya nje uone kwa macho yako. Dawa ni kuandika `-p 127.0.0.1:5432:5432`, au kuacha `-p` kabisa kama programu yako iko kwenye mtandao uleule wa Docker.

Na hakikisha data iko kwenye volyumu yenye jina, uijue iko wapi. Kontena likifutwa na data ikawa ndani yake, zinaondoka pamoja.

#8 · Mdau wa kontena

Nimejaribu kwa kutumia intaneti ya simu. Imefunguka. Nimeshabadilisha, na nenosiri pia nimebadilisha. Asante mkuu, kwa kweli sikulijua hili.

#9 · Mdau wa kumbukumbu

Naomba kuuliza kuhusu RAM. Mashine yangu ina GB 8, nimeona mipangilio mingi kwenye `postgresql.conf` na sijui nishike ipi. Nimeweka `work_mem` 512MB ili iwe na nguvu, ila jana Postgres ilizimika yenyewe ghafla.

#10 · Mleta uzi

Hiyo 512MB ndiyo iliyoiangusha. `work_mem` si ya seva nzima, na wala si ya kila muunganisho. Ni ya kila kazi ya kupanga au kuunganisha kwa hash ndani ya swali moja. Swali lenye kazi nne kama hizo, likipigwa na watu watano kwa wakati mmoja, linaruhusiwa kufika GB 10. Linux ikiishiwa kumbukumbu inamwita muuaji wake, anachagua mchakato mnene, na akigusa mmoja wa Postgres, seva inakata miunganisho yote na kujirudisha kutoka WAL, logi yake ya mabadiliko. Thibitisha kwa `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`.

Kwa GB 8 na mashine isiyo na kazi nyingine nzito, mimi ningeanza hivi:

```
shared_buffers = 2GB
effective_cache_size = 6GB
work_mem = 16MB
maintenance_work_mem = 512MB
```

`shared_buffers` kuwa robo ya RAM ni pa kuanzia pazuri, na inayokuja nayo ni 128MB tu. `effective_cache_size` haichukui kumbukumbu yoyote, ni makadirio unayompa mpangaji wa maswali ili ajue mfumo una kashe kiasi gani. Swali moja zito likihitaji zaidi, liongezee lenyewe kwa `SET work_mem = '256MB';` kabla ya kulipiga.

Mawili usiyaguse hata ukiambiwa yanaongeza kasi: `fsync` na `autovacuum`. Ukizima `fsync`, umeme ukikatika unaweza kubaki na hifadhidata isiyofunguka. Ukizima `autovacuum`, majedwali yanavimba kwa mistari iliyokufa.

#11 · Mdau wa bakapu

Kuhusu bakapu mimi huwa nakopi `/var/lib/postgresql` yote kwa rsync (chombo cha kunakili faili) kila usiku. Rahisi, haraka. Miaka miwili sasa.

#12 · Mleta uzi

Seva ikiwa imezimwa wakati wa kukopi? Kama inawaka, kopi hiyo haitegemeki. Rsync inachukua faili moja saa nane kamili na nyingine saa nane na dakika tano, na katikati Postgres imeandika zote mbili. Unapata faili zisizokubaliana. Inaweza kuwaka siku unayoihitaji, inaweza isiwake, na hutajua hadi siku hiyo. Kukopi folda ya seva inayowaka kuna chombo chake, `pg_basebackup`.

Kwa hifadhidata za kawaida `pg_dump` inatosha, haizuii watumiaji kusoma wala kuandika, na picha inayotoa ni ya wakati mmoja. Lakini nayo ina mitego, na hapa nirudi kwenye kile kisa. Nilipogundua mashine imevamiwa, mbio zangu za kwanza zilikuwa kwenye folda ya bakapu. Faili zipo, moja kwa kila siku, majina yamepangika vizuri. Nikapiga `ls -l`. Kila moja ni baiti 0. Miezi minne ya baiti 0.

Sababu: cron yangu ilikuwa `pg_dump maktaba > faili.sql`. Ganda la Linux linaunda faili kabla `pg_dump` haijaanza. `pg_dump` ilikuwa inakataliwa kuingia kila usiku, faili tupu inabaki, na mimi nikichungulia folda naona majina, natosheka. Bahati yangu majedwali yenyewe yalikuwa bado mazima.

Wala si sisi wadogo tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu, akiwa kwenye kazi ya dharura usiku alifuta folda ya data ya PostgreSQL kwenye seva kuu, akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Takriban GB 300. Walipotafuta bakapu za `pg_dump` hawakuzikuta, kwa sababu iliyokuwa ikiendeshwa ni `pg_dump` ya 9.2 dhidi ya seva ya 9.6, inagoma kila mara, na barua pepe za onyo hazikuwafikia. Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa saa sita kabla. Waliyaeleza yote hadharani wenyewe, na nawaheshimu kwa hilo.

Skripti ninayotumia sasa, inaendeshwa na mtumiaji `postgres` mwenyewe, kwa hiyo peer inampitisha bila nenosiri kuandikwa popote:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
leo=$(date +%F)
cd /var/backups/pg
pg_dump -Fc -f maktaba-$leo.tmp maktaba
mv maktaba-$leo.tmp maktaba-$leo.dump
pg_dumpall --globals-only > watumiaji-$leo.sql
```

Jina la `.dump` linapatikana tu kama `pg_dump` imemaliza salama. Iwekeni kwenye faili, msiandike amri yenye `date +%F` moja kwa moja ndani ya crontab, kwa sababu kule alama ya `%` inageuzwa kuwa mstari mpya na amri inakatika katikati. Na kopi moja ya faili hizo ikakae kwenye mashine nyingine.

Kisha ijaribu. Ichukue faili ya jana, irejeshe kwenye hifadhidata tupu, uhesabu mistari. Mdau wa #2, kwa kuwa uko mwanzoni, lifanye wiki hii kabla data haijawa nyingi.

#13 · Mdau wa bakapu

Nimekuelewa. Usiku huu naweka pg_dump, na ile rsync nitaielekeza kwenye folda ya dump badala ya data.

#14 · Mdau wa matoleo

Wakuu, nimesakinisha 16 juu ya 14 kutoka ghala la mradi. Programu yangu inaonyesha data yote ipo, lakini `psql --version` inasema 16 na `SELECT version();` inasema 14. Nani mkweli?

#15 · Mleta uzi

Wote wawili. Ya kwanza ni toleo la chombo cha `psql`, ya pili ni la seva uliyoingia. Piga `pg_lsclusters`, utaona hifadhi mbili: 14 kwenye 5432 na data yako, 16 kwenye 5433, tupu. Debian haihamishi data yenyewe, inaziweka pembeni kwa pembeni.

Kuhamisha: chukua bakapu kwanza, halafu ondoa ile tupu kwa `sudo pg_dropcluster 16 main --stop`. Soma namba hiyo mara mbili kabla ya Enter, maana ukiandika 14 umefuta data yako. Kisha `sudo pg_upgradecluster 14 main`. Mpya itachukua poti 5432, ya zamani itazimwa lakini haitafutwa. Kaa nayo siku kadhaa ndipo uiondoe.

Na kwa wanaohamia toleo jipya la Linux lenyewe: glibc (maktaba ya msingi ya programu za Linux) 2.28 ya mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa herufi wa lugha nyingi, na faharasa za maandishi zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zikawa hazitafuti sawasawa, mstari upo lakini swali halioni. Ukivuka kutoka mfumo wa kabla yake kwenda wa baada, piga `REINDEX DATABASE`.

#16 · Mdau wa #2

Narudi na majibu ya jaribio, mkuu. Nimechukua kompyuta ndogo ya akiba, nimesakinisha Postgres, nimeleta faili ya jana na kupiga:

```
createdb maktaba
pg_restore -d maktaba --exit-on-error maktaba.dump
```

Ikagoma: `role "mkutubi" does not exist`. Nikadhani faili ni mbovu. Baadaye nikaona ile faili nyingine ya `watumiaji` nilikuwa sijaileta kabisa.

#17 · Mleta uzi

Safi sana, umelikuta jaribioni. `pg_dump` inabeba hifadhidata moja. Watumiaji na manenosiri yao ni wa seva nzima, hawamo ndani yake. Endesha kwanza `psql -f watumiaji.sql postgres`. Italalamika kuwa `postgres` yupo tayari, hiyo ni kawaida. Kisha futa maktaba iliyorejeshwa nusu, iunde tena tupu, urudie `pg_restore`.

#18 · Mdau wa #2

Imekubali. Vitabu 1,312 kwenye seva, 1,312 kwenye kompyuta ya akiba. Nimeingia kwa mkutubi kwa nenosiri lilelile, nimetafuta kitabu nilichokiingiza juzi, nacho kipo. Kuanzia kufungua terminali hadi hapo imechukua dakika 40, nyingi nikitafuta ile faili ya watumiaji. Nimeziandika hatua zote kwenye daftari kwa mpangilio nilioutumia, na Jumamosi nairudia kutoka mwanzo bila kuuliza humu.